Chungu Nilichokilisha Uji

Ujumbe wa Ngalula uliingia kwenye simu nikiwa jikoni, nachambua maharagwe. Ulikuwa mfupi. Baba yake, Prof Ilunga aliyenifundisha kemia, amefariki huko Kasai baada ya kuugua muda mrefu. Yeye mwenyewe atashuka uwanja wa ndege wa Mavivi siku ya Alhamisi, na ana swali moja tu la kuniuliza, juu ya kile chungu. Niliusoma mara tatu, nikakaa chini, na maharagwe ya siku ile yakaungua. Sikulia kwanza. Nimefika umri wa kusema ukweli, kwa hiyo niuseme: kabla ya huzuni ilinijia hofu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nililisubiri swali lile, na katika miaka ya karibuni nilikuwa nimeanza kuamini kwamba halitakuja tena.

Sikuwahi kumwona Ngalula, lakini pale Mavivi sikuuliza mtu. Alishuka na paji la uso la baba yake, pana, lenye mkunjo mmoja katikati, na mkononi alibeba sanduku dogo la bati ambalo hakukubali mtu yeyote amsaidie kulibeba. Alisomea Lubumbashi, kisha ng'ambo, na sasa ni mtafiti wa zile elimu mpya za vifaa: wanachunguza vitu vidogo kiasi kwamba unywele mbele yake ni gogo la mti, na wanatengeneza vichujio, betri, hata bandeji, kwa chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Haya alinieleza tukiwa Beni, tukisubiri gari lijae. Tulipoanza safari ya Butembo tukanyamaza, kwa maana barabara ile siku hizi ina waasi, na watu huipita wakisali kimoyomoyo. Nyumbani kwangu, mtaa wa Mususa, nilimpa bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kyavinyonge. Alikula vizuri, akanawa, akaliweka sanduku juu ya meza bila kulifungua. Nami nikaanza kuongea juu ya mambo mengine, kama anavyofanya mtu mwenye makosa, huku kichwa changu kikirudi kwenye chumba kimoja cha shule yetu, mwaka ule wa vita nilipokuwa darasa la mwisho la sekondari.

Chumba kile kilikuwa maabara kwa jina tu. Dirisha moja lilikuwa na kioo, la pili lilizibwa kwa shitingi la plastiki, na kabati lilikuwa na chupa tupu ambazo Prof Ilunga alizipangusa kila Jumatatu kana kwamba zimejaa. Serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita; vita vikafunga njia nyuma yake, mshahara ukakatika, akabaki. Aliishi kwa viazi na maharagwe ambayo wazazi walimletea, na jioni alitembea na koti lake moja hadi uwanja wa Mukaka Kyakimwa, bibi mfinyanzi, kwa sababu alikuwa amepata wazo. Alikuwa amesoma katika gazeti moja la sayansi kwamba ukichanganya udongo na pumba laini, ukaufinyanga chungu na kukichoma, pumba huungua na kuacha vishimo vidogo sana. Maji hupita, uchafu hubaki. Ukipaka ndani chembe ndogo mno za madini ya fedha, hata vijidudu vilivyojipenyeza hufa humo. Kwetu Butembo pumba za kahawa hazikupungua hata katika vita. Udongo ulikuwepo, na mikono ya Mukaka Kyakimwa ilikuwepo. Kilichokosekana ni ile fedha.

Siku ya kwanza alipomweleza Mukaka anachotaka, nilikuwepo, nimeshika chekeche la kuchungia pumba. Bibi yule alicheka mpaka akaweka mkono kiunoni. "Prof, miye nafinyanga vyungu tangu mbele ya weye kuzaliwa," alisema. "Hakuna mutu alishaka kuja hapa kuniomba chungu ya kuvuja. Bamama ba Mususa watanicheka mpaka kwa kanisa." Prof naye akacheka kidogo, akamjibu: "Mukaka, hii haiko chungu ya kupika. Iko filtre, ya kuchuja maji. Kama haivuje, haina kazi." Lakini kwetu hakuna mwanamke anayempa mwenzake chungu kipya bila kukilisha. Kwanza hupikwa ndani yake uji mzito wa ulezi, unaachwa ulale humo, unaingia mwilini mwa chungu na kukifunga. Chungu ambacho hakikulishwa huitwa chungu chenye njaa. Kitakula chakula cha mwenye nyumba. Nyuma ya ua niliwasikia wanawake wakisemezana, "Ule mugeni iko nafanyisha Mukaka vyungu ya njaa," na vicheko vikafuata. Niliona haya kwa niaba yake. Nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza katika kemia, nilijua kueleza vishimo vile ubaoni bila kusita, na bado niliona haya.

Fedha tuliifuata Beni. Kulikuwa na stoo ya zamani ya hospitali iliyojaa madumu ya maji yaliyokwisha kuoshea picha za radiografia, zile za kuonyesha mifupa, na Prof alijua kwamba madini ya fedha ya picha zile hubaki katika maji hayo. Tulikaa humo siku nzima, watu wawili na harufu kali ya siki, tukitumbukiza nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria. Chuma kiliyeyuka polepole, na chini kikabaki kitope cha rangi ya majivu meusi. Tulikijaza katika gudulia moja la jamu. Mchana tulikula mikate miwili na ndizi, tumekaa juu ya madumu, na Prof akaniambia kwamba katika nchi nyingine kuna watu wanaofanya kazi hii wamevaa makoti meupe, chumba kizima hakina vumbi. "Shiye tuko na vumbi," alisema, "lakini akili iko ileile." Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, niseme nini zaidi.

Kwenye kizuizi cha barabara, tukirudi, askari mmoja alifungua gudulia. Wakati ule hakuna mtu Kivu nzima aliyeona vumbi jeusi na zito akawaza kitu kingine isipokuwa yale madini ya kuuza ng'ambo yaliyopiganiwa vitani. "Papa, oyo nini?" aliuliza kwa Kilingala hiki ni nini, akilitikisa. Kisha kwa Kiswahili: "Hii njo coltan. Munadanganya nani?" Prof alitoa kofia, akaeleza pole pole habari ya maji na picha za hospitali, na mimi nikasikia jinsi maelezo yale ya kweli yalivyofanana na uongo. Mkubwa wao alikuja, akanusa, akakunja uso kwa ile harufu ya siki, akatuachia. Ila alichukua karatasi, akaandika jina la Prof na jina la shule. Tangu siku ile, kila gari lililopunguza mwendo mbele ya shule lilinifanya nisimamishe kalamu.

Kitope kile fundi wa dhahabu mmoja mjini alituyeyushia, akatuvutia nyaya mbili. Prof alizitumbukiza katika maji ya mvua yaliyochemshwa na kuchujwa, akaziunganisha na betri ya gari, tukasubiri. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha maji yakaanza kugeuka manjano hafifu, kama chai ya mtu asiye na majani ya kutosha. "Uangalie muzuri, Kavugho," Prof alisema. "Hii manjano njo madini ya fedha. Imekuwa kidogo mpaka imesahau rangi yake." Leo Ngalula na wenzake wana jina lake, wana mashine za kuzipima chembe zile moja moja. Sisi tuliyaita maji ya njano. Tulipaka vyungu vya kwanza, tukavining'iniza ndani ya ndoo, tukamimina maji ya mfereji yenye tope, na chini yakatoka maji meupe, tone kwa tone, kwa mwendo uleule usiku na mchana. Shule nzima ilikunywa. Sheria za Prof zilikuwa chache, nilizijua kama sala: chunga pumba mara mbili, pima mwendo wa matone siku tatu kabla ya kukitoa chungu, na chungu kinachopitisha maji haraka, kivunje. "Hapana kukihurumia," alisema. "Unakihurumia chungu, unamwua mutu."

Kipindupindu kiliingia Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kule ziwani, majira ya mvua. Watu walikunywa ziwa lilelile walilofanyia mambo yote. Dada yangu mkubwa, Yaya Masika, aliolewa huko. Alikuwa na mtoto mmoja, Mumbere, wa miaka mitatu, aliyezoea kunishika sikio anapolala. Padri wa huko alituma mtu kuomba vyungu, vyovyote tulivyonavyo. Tulikuwa tumetoa kumi kutoka tanuri, bado vya moto, na lori la kufuata samaki lingeshuka kesho yake asubuhi. Prof alisema tutampelekea padri vile vilivyopimwa tu, na hivi vipya visubiri lori lijalo. Siku ile ile saa nne gari la askari likasimama mbele ya shule. Halikupunguza mwendo tu safari hii. Walichukua gudulia, walichukua betri, wakamchukua Prof kwa kumshika mkanda wa suruali. Alipokuwa anapandishwa alinitafuta kwa macho. "Kavugho! Vya zamani tu!" alipaza sauti. "Vipya hapana! Hapana geuza kitu!" Mmoja wao akamsukuma kichwa chini, gari likaondoka.

Vya zamani vilikuwa vitatu. Vitatu, kwa kijiji kizima. Nilivitazama, nikatazama vile kumi, nikamfikiria Mumbere. Ningeweza kusema kwamba nilichanganyikiwa kwa hofu, na watu wangenielewa, lakini sivyo. Nilifikiri sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijaza vyungu vipya maji: sita vilidondosha vizuri, vinne vilimwaga. Sheria ilisema nivunje. Nikajiuliza: shida ya vile vinne ni nini? Vishimo vikubwa. Na Mukaka Kyakimwa anajua nini maisha yake yote? Kufunga vishimo. Basi nikapika uji wa ulezi, mwepesi sana, nikauchuja kwa kitambaa, nikavinywesha vyungu vinne, nikavikausha juu ya makaa. Nikamimina maji. Yakadondoka tone kwa tone, taratibu kuliko hata vile sita. Niliruka pale maabara peke yangu. Niliamini nimegundua jambo ambalo Prof mwenyewe hakulijua, na kwamba atakaporudi atasema jina langu mbele ya darasa. Mukaka alipopita kuleta habari za Prof, akanusa uji, uso wake ukang'aa. "Haa! Mwisho mutu amevilisha," alisema. "Na hivi sita, vilikukosea nini? Utamupa yaya yako chungu ya njaa, na iko na mutoto?" Nikavilisha vyote kumi. Na vile vitatu pia. Nikapaka maji ya njano yaliyobaki, asubuhi nikavifunga kwa nyasi na kuvipakia kwenye lori, cha Masika nikakitia alama ya msalaba kwa mkaa. Sikupima siku tatu. Nilipima saa tatu.

Juma la pili, Prof hajarudi, mama mmoja mchuuzi wa samaki alituletea gunia. Ndani kulikuwa na vyungu vyetu, vimebebana, na harufu iliyotoka humo ilinipiga kabla sijaliona gunia lenyewe. "Vyungu yenu vilifunga," alisema bila hasira. "Siku ya kwanza maji kidogo. Siku ya pili tone moja moja. Kiisha ikanuka pombe, maji hapana pita. Batu wakarudi kwa ziwa." Akanishika mkono. "Mutoto ya yaya yako alishakufa, Kavugho. Alikufa siku ya Jumatatu." Niliinamia gunia, nikatafuta chungu chenye msalaba, nikaingiza kidole ndani, nikapapasa ule utando mwembamba unaoteleza. Nilielewa yote pale pale. Uji ulivimba kwenye vishimo, ukachacha, ukaziba. Kile chungu kilikuwa kimeshiba kama alivyotaka Mukaka.

Walimwachia Prof siku chache baadaye. Alikuja na viatu visivyo na kamba, shavu limevimba, na hakupitia nyumbani. Alikuja maabara moja kwa moja. Nilikuwa nimekwisha kuvisugua vyungu ndani kwa maji ya moto na majivu. Nilivisugua mpaka vidole vikatoka damu. Hakuniuliza kwa nini nilituma vipya; alikichukua cha msalaba, akakizungusha, akakinusa. "Pumba," alisema polepole. "Pumba haikuungua yote, ikaoza mule ndani. Formule iko mubaya." Alinitazama akisubiri nimsaidie kufikiri, kama tulivyozoea. Nikasema, "Pengine, Prof." Maneno hayo mawili nimeyabeba mpaka leo. Jumapili wazazi walikusanyika katika ukumbi wa shule, na mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mugeni alikuja kujaribia batoto betu!" Prof alisimama, koti lake limefungwa vifungo vyote, akasema kwa sauti iliyofika kila pembe: "Formule iko yangu. Kosa iko yangu. Huyu binti alipaka tu." Yaya Masika alikuwa mstari wa mbele, amefunga kitambaa cha matanga. Alimtemea mate miguuni. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimemshika kiuno asianguke, na sikufungua kinywa. Niliogopa yaya yangu kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Aliondoka kwa ndege ndogo ya mizigo kutoka Mavivi, na ilimchukua miezi kufika kwao, akizunguka nchi za watu. Nilimsindikiza. Tulisimama chini ya bawa, mvua inanyesha, naye alikuwa na mfuko mmoja tu, na ndani yake, kimefungwa kwa shati, kile chungu chenye msalaba. "Nitatafuta kosa," alisema. "Lazima iko fasi fulani." Sentensi ilikuwa mdomoni mwangu, tayari. Rubani akaita. Prof akanishika bega. "Uko na mikono ya laboratoire, Kavugho. Hapana acha kemia." Sikuacha. Nimefundisha kemia miaka yote hii katika mji huu, na kila mwaka ninapofika somo la vichujio nawaambia wanafunzi wapime siku tatu, nao hunicheka kwa ukali wangu.

Ngalula alisubiri mpaka maneno yangu ya kuzunguka yakaisha yenyewe. Kisha akafungua sanduku. Kulikuwa na kigae kimoja, chenye nusu ya msalaba uliofifia, na daftari nene la mistari. Alifungua kompyuta, akanionyesha picha kutoka mashine yao inayokuza mara elfu nyingi: ukuta wa udongo umejaa vishimo kama sega la nyuki, mzuri, na juu yake ngozi laini iliyoziba karibu kila kishimo. "Mama Kavugho," alisema, "Papa alibadilisha formule mara makumi. Pumba kidogo, pumba mingi, moto mukali, moto mudogo. Yote iko humu. Chini ya kila moja aliandika 'hapana njo hii.' Hata kwa kitanda, mbele ya kufa, aliniuliza kama nimepata. Sasa tumeangalia. Formule yake iko bien, iko muzuri. Vishimo viko bien. Lakini humu ndani tulikuta amidon. Wanga. Kwa formule yake hakuna wanga. Ilitokea wapi?"

Nje mtu alikuwa anatwanga sombe, na kila pigo nililisikia kifuani. Nilimtazama yule binti na mkunjo wake wa paji. "Ni uji," nilisema. "Uji ya ulezi. Miye njo niliutia. Alinikataza, nikatia. Kiisha akajitwika kosa, nikanyamaza." Nikamweleza kila kitu, mpaka kile kidole nilichoingiza ndani ya chungu. Hakulia, wala hakunipigia kelele, ningependa angepiga. Akauliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kama mama wa yule mtoto aliyekufa anajua. Nikatikisa kichwa. Ngalula akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho wenye mwandiko, pale ambapo herufi za baba yake zilikuwa zimeanza kupinda kwa ugonjwa, akanisukumia pamoja na kalamu. "Andika, Mama," alisema. "Hapa chini. Kwa mukono yako."

Niliandika: Formule ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Uji ulikuwa wangu. Kavugho. Akayasoma, akapulizia wino ukauke, akafunga sanduku, na asubuhi akarudi Mavivi bila kuniahidi kwamba tutaonana tena. Tangu hapo nimekuwa nikiandika habari hii, jioni baada ya kusahihisha madaftari, nikiifuta na kuianza upya. Sikuiandika kwa ajili ya Ngalula. Yeye anajua sasa. Yaya Masika bado yuko Kyavinyonge, anakausha samaki, na kila mwaka siku ya kifo cha mtoto wake humlaani Prof Ilunga kwa jina lake kamili. Yaya hakupelekwa shule, hajui kusoma. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, nitashuka ziwani na karatasi hizi, nikae mbele yake, nimsomee.